Safari ya Pwani na Nyumba ya Kaliua

Yatajwapo mambo ya utamaduni wa taifa, aghalabu fikira za watu hukimbilia ngoma, mavazi, nyimbo na tenzi. Sisi tulioandika mashairi kwa zaidi ya miaka thelathini hatuna sababu ya kuyabeza mambo hayo. Lakini kwa muda huohuo tumekuwa makarani wa serikali, na ukarani umetuzoeza kuutazama utamaduni mahali ambapo washairi wenzetu hawapiti: katika namna watu wanavyohesabu fedha zao, wanavyojiwekea azma ya mwaka, na wanavyoamua kwamba jambo hili litangoja na lile halitangoja. Kila taifa lina desturi zake za kuazimia, kama lilivyo na desturi zake za kuoa na kuzika. Desturi hizo hazichezwi uwanjani siku ya sikukuu. Kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba hazipo, au kwamba tumezipata juzi katika vitabu vya wageni vinavyofundisha watu kutajirika.

Hapa Kaliua, mtu wa makamo akirudi kutoka mbali huamkiwa, huulizwa habari za watoto, kisha, kabla kigoda hakijapata joto, huulizwa kama ameshajenga. Akiwa na ng'ombe, au pikipiki, au hata cheo, lakini hajajenga, wazee husema kwamba huyo bado yuko njiani. Hawasemi kuwa ni maskini, wala kuwa ni mvivu. Wanasema yuko njiani. Usemi huo umetushughulisha kwa miaka mingi, nasi tunaamini kwamba asili yake ni njia ya kweli, iliyokanyagwa kwa miguu ya watu wa nchi hii kabla ya reli.

Njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe ulipo mji wa Tabora wa leo. Kutoka hapo tawi moja lilielekea kaskazini, Karagwe na Buganda, na jingine likaelekea magharibi hadi Ujiji. Nchi yetu imekaa upande wa magharibi, katika himaya iliyokuwa ya Mtemi Mirambo, ambaye mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe, hata Henry Morton Stanley akalazimika kuzunguka kusini. Vitabu vimeyaandika sana mambo ya watu wakubwa wa njia hiyo. Sisi tunataka kusema habari za mpagazi.

Babu wa baba yetu alikuwa mpagazi. Jina lake halimo katika kitabu chochote cha wasafiri, ijapokuwa yumkini mabega yake yalibeba mali ya watu ambao majina yao yamo. Habari zake tulizipata kwa baba, naye alizipata kwa babu, na huenda zimepunguzwa na kuongezwa mdomoni mwa kila mmoja. Alikwenda pwani mara tatu. Ya kwanza, alisema, ilikuwa safari ya macho. Ya pili ilikuwa safari ya mke. Ya tatu ilikuwa safari ya kaya. Baba alipokuwa akitusimulia alikuwa na desturi ya kukunja kidole kimoja kwa kila safari, na hakukubali kabisa vidole viwili vikunjwe kwa pamoja.

Msafara wa Wanyamwezi uliondoka kiangazi, baada ya mavuno, nafaka ikiwa imekwisha kuingia ghalani, na watu walikusudia kurudi kabla ya mvua za kulimia. Mzigo wa pembe ulikuwa wa kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka, chungu na silaha ya mtu mwenyewe. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba watoto wa kiume walizoezwa kubeba vipembe vidogo tangu utotoni, na kwamba kijana ambaye hajaiona pwani hakuhesabiwa mtu mzima. Mwendo ulianza alfajiri, na mizigo ilituliwa kabla jua halijawa kali. Richard Burton, aliyepanda kutoka pwani mwaka 1857, alifika Unyanyembe siku ya 134; Stanley, mwaka 1871, alitumia siku 84. Kwa mpagazi hesabu hizo hazikuwa za kujivunia kitabuni. Zilikuwa hesabu za mvua: ukichelewa huko, shamba lako halikungoji.

Ujira ulilipwa kwa nguo: merikani iliyofumwa Marekani, au kaniki ya rangi ya nili iliyotoka Bara Hindi. Nguo hizo zilipimwa kwa doti, na doti moja ni mikono 8. Pamoja na ujira kulikuwa na posho, ambayo kwa kawaida ilihesabiwa kwa kibaba cha nafaka kwa siku. Wanafunzi wetu hukariri kwamba haba na haba hujaza kibaba, lakini ni wachache wanaojua kuwa kibaba kilikuwa kipimo cha kweli, robo ya pishi, na kwamba mtu mwenye njaa alisimama akikitazama kikijazwa. Methali hiyo haikutungwa na tajiri.

Basi tazama, ndugu msomaji, jinsi mpagazi alivyofanya hesabu yake. Posho ndiyo iliyoliwa, doti hazikuliwa. Doti zilibebwa hadi nyumbani, zikageuzwa mbuzi na majembe, mbuzi wakageuzwa ng'ombe, na ng'ombe wakawa mahari. Azma yake ilikuwa na mambo mawili ambayo azma zetu nyingi za leo hazina: ilikuwa na uzito uliopimwa, na ilikuwa na siku ya kurudi. Hakuna aliyesema, "Nitabeba kadiri nitakavyoweza mpaka nitakapochoka." Mzigo ulipimwa kabla ya kuinuliwa, na aliyeona umezidi aliubishania palepale mbele ya kiongozi wa msafara.

Hatusemi kwamba njia hiyo ilikuwa njia ya heri. Pembe zilifuatana na bunduki, na katika njia hiyohiyo walipitishwa watu waliofungwa minyororo, ambao hawakuwa na ujira wala siku ya kurudi. Tena si wapagazi wote waliorudi na doti zao. Ndui iliua wengi kambini. Wengine walizimaliza nguo Bagamoyo kwenyewe, katika ngoma na pombe, wakarudi na hadithi tu. Wala tusimsahau mke aliyebaki, ambaye aliendesha kaya peke yake kwa miezi mingi. Wako pia wanawake waliofuatana na misafara wakibeba vyungu na watoto. Tunaposema kwamba babu huyo "alijenga", tunasema nusu ya habari. Bibi, ambaye hata baba hakulijua jina lake, ndiye aliyeilinda ghala ambayo bila hiyo ng'ombe wangeuzwa katika mwaka wa kwanza wa njaa.

Kuna neno moja la njia hiyo ambalo tunalihuzunikia. Misafara ilipopita Ugogo, watemi wa huko walitoza hongo. Hongo siku hizo ilikuwa ushuru wa njia, ukatolewa mchana mbele ya watu wote, baada ya majadiliano yaliyoweza kuchukua siku kadhaa. Leo neno hilo limeharibika, limekuwa jina la rushwa. Na sisi tuliofanya kazi ofisini tunajua jinsi lilivyoharibika. Lakini maana ile ya kale yafaa kukumbukwa. Msafara wenye busara haukushangaa kudaiwa hongo, maana nguo zake zilikuwa zimetengwa tangu mwanzo. Mtu anayepanga kujenga bila kutenga fungu la ugonjwa, la msiba na la ada ya shule, ni mtu aliyefunga safari ya pwani akasahau kwamba katikati kuna Ugogo.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Upagazi wa masafa marefu ukafa, ukafufuliwa kwa muda kwa sura ya kutisha katika vita vya 1914 hadi 1918, watu walipobebeshwa mizigo ya majeshi kwa nguvu. Kaliua yenyewe ni mji wa reli. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikawa ndiyo njia panda ya tawi la kwenda Mpanda, lililojengwa kwa ajili ya madini ya risasi. Wakati huohuo, hapa jirani Urambo, ulifika mpango mkubwa kuliko yote iliyopata kufika nchi hii. Serikali ya Uingereza iliazimia kulima karanga katika Tanganyika, Kongwa, Nachingwea na Urambo, katika eneo lililotajwa kuwa zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta yalishushwa, vijiji vya wazungu vikajengwa, miombo ikang'olewa. Kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umeachwa, na paundi zisizopungua milioni 35 zilikuwa zimepotea. Udongo na mvua havikuwa vimepimwa kwa makini kabla ya mzigo kuinuliwa. Wazee wa Urambo, ambao walikuwa wakilima karanga miaka yote kwa jembe la mkono na kuzila, walitazama mambo hayo kwa adabu. Tumekuwa tukiwaeleza vijana habari hiyo kila mmoja wao anapotuletea daftari lenye mipango ya mamilioni: ukubwa wa azma haujapata kuotesha karanga hata moja.

Urambo ikageuka nchi ya tumbaku, na Kaliua vivyo hivyo. Hapa ndipo swali letu la fedha na nyumba linapokuwa gumu kweli.

Mkulima wa tumbaku hupata fedha mara moja kwa mwaka. Kitalu huandaliwa kabla ya mvua, miche hupandikizwa mvua zinapoanza, majani huchumwa kuanzia mwezi wa kwanza, hukaushwa katika bani kwa moto wa kuni unaokeshewa usiku na mchana. Kisha yanapangwa kwa madaraja, yanafungwa marobota, yanapelekwa kwenye soko la chama cha msingi. Mteuzi hupita, hutaja daraja, na katika neno lake moja imo kazi ya miezi minane. Yakishatolewa makato ya mbolea na pembejeo nyingine, kinachobaki ndicho cha mwaka mzima. Kwa hiyo fedha hufika kwa wingi wa ghafula kwa mtu aliyekuwa akikopa chumvi mwezi uliopita. Wachuuzi huijua siku hiyo kuliko wanavyoijua sikukuu. Pikipiki huja, redio huja, vitenge huja, na watu wenye maneno matamu huja. Tumeona mwanamume mmoja akioa mke wa pili mwezi wa saba na kumrudisha kwao mwezi wa kumi na moja, mbolea ya msimu mpya ilipohitajika.

Lakini tumeona na mambo mengine. Mama mmoja jirani yetu, mjane mwenye shamba dogo la tumbaku na mizinga michache ya nyuki, ana desturi ya kugeuza fedha kuwa bati siku ileile anayolipwa. Mwaka mwingine hununua bati kumi, mwaka mwingine matatu. Huyalaza chini ya kitanda. Tulimwuliza siku moja kwa nini haweki fedha hizo benki au katika chama cha kuweka na kukopa, akatujibu, "Kaka, fedha huombeka. Ndugu akija na shida nitasemaje sina, naye anajua soko limelipa? Lakini bati haliombeki. Hakuna aliyekuja kwangu akaniambia, dada, naomba bati mbili nikamtibie mtoto." Kisha akacheka, akaongeza kwamba akija mwenye mtoto mgonjwa kweli humpa kuku.

Jibu hilo tunaliona kuwa na elimu kubwa. Vitabu vya fedha vilivyoandikwa katika nchi nyingine humchukulia mtu kana kwamba anaishi peke yake, ana mshahara wake, ana azma yake, na adui yake ni uvivu wake tu. Kwetu sivyo. Kwetu mtu anaazimia akiwa katikati ya shangazi, wajomba, wapwa na jirani, na madai yao si ya hila. Wengi wao ndio waliomlea na kumsomesha. Anayewakataa wote atajenga upesi, na nyumba yake haitakuwa na mgeni. Anayewakubali wote hatajenga kabisa, na uzeeni atakuwa mzigo kwa haohao. Mama yule hakuandika kitabu, lakini aliona kwamba yapo mambo ya kumpa ndugu, nayo yawekwe tayari, na yapo mambo ambayo hata ndugu hawezi kuyaomba, nayo yageuzwe kuwa kitu kabla jua halijatua. Vyama vya Vicoba, ambavyo mfano wake ulitoka Niger, na upatu wa akina mama ambao ni wa kale zaidi, hufanya kazi kwa hekima hiyohiyo: mtu husema kwa haki kabisa kwamba fedha zake si zake wiki hii, ni za mwenzake.

Mtumishi wa serikali ana mtihani wa namna nyingine. Mshahara wake ni mdogo lakini haukosi, na kwa kuwa haukosi humdanganya kwamba wakati nao haukosi. Historia pia ilimchanganya. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko ya uongozi, na mmoja wa miiko hiyo ulimkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha wengine. Mwaka 1971 serikali ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Miiko haikumkataza mtu kujenga nyumba ya kulala yeye na watoto wake, lakini wako watumishi wengi wa umri wa baba zetu walioelewa hivyo, au walioona haya tu kuonekana wanajenga. Waliishi katika nyumba za serikali, wakahamishwa kutoka wilaya hadi wilaya, na siku ya kustaafu wakakabidhi funguo. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 1973, ilikuwa tumaini la wengi. Nayo ilifungwa mwaka 1995. Miiko yenyewe ililegezwa Zanzibar mwaka 1991, na tangu hapo haya iligeuka: sasa aliyeona haya ni yule asiyejenga.

Ndipo likaja tumaini la kiinua mgongo. Mtumishi husema, "Nitasomesha kwanza, nikistaafu nitalipwa kwa mkupuo, nitajenga." Maneno hayo tumeyasikia katika kila ofisi tuliyokaa. Lakini kanuni za mafao si mawe. Watumishi wengi waliokuwa wakitarajia kulipwa nusu ya mafao yao kwa mkupuo waliona kanuni ikibadilika mwaka 2018, ikaahirishwa baada ya malalamiko, ikaja nyingine mwaka 2022 iliyoweka asilimia 33, na mwaka 2024 ikapandishwa kuwa asilimia 40. Sehemu inayobaki hulipwa kidogokidogo kila mwezi, na wako wanaosema, kwa sababu nzuri, kwamba hivyo ni salama zaidi kwa mzee kuliko fungu kubwa linaloisha mwaka mmoja. Hatuna ugomvi na hoja hiyo. Tunachosema ni kwamba mtu aliyeweka nyumba yake yote juu ya hesabu ya siku moja, miaka thelathini mbele, aliweka mzigo ambao hakuupima yeye. Mwenzetu mmoja, tuliyeketi naye ofisi moja kwa miaka kumi na minne, alistaafu katika kipindi hicho. Kuta zake zimefika usawa wa madirisha. Ndani yake kumeota mbono, na mbuzi wa jirani hujikinga humo mvua ikinyesha. Yeye anaishi kwa mtoto wake Tabora, na tukikutana tunazungumza habari za mpira.

Sisi tuliajiriwa mwaka 1992 kwa cheti cha kidato cha nne, na mwaka 2004 tulinunua kiwanja hapa Kaliua, wakati ambapo mji ulikuwa bado chini ya Wilaya ya Urambo na watu walidhani kwamba tumenunua nyasi. Tulifungua daftari. Katika ukurasa wa kwanza tuliandika: msingi wa vyumba viwili, kabla ya mvua za mwaka 2006. Hatukuandika neno nyumba. Ukurasa wa pili ulikuwa wa matofali, wa tatu wa kuta, wa nne wa bati. Haikuruhusiwa kufungua ukurasa kabla uliotangulia haujafungwa. Katika hilo tulikuwa tunakifuata kidole cha baba.

Fundi aliyetujengea alikuwa kijana mwerevu asiyependa mambo ya kidogokidogo. Alituambia, "Mzee, tupige msingi wa nyumba nzima, vyumba vitano na sebule. Fedha zitakuja zenyewe." Tukamjibu, "Fundi, fedha haziji zenyewe. Hata mshahara huu twaufuata Urambo kwa gari moshi." Akanyamaza, akapima vyumba viwili. Alipomaliza alikuwa ameviweka pembeni mwa kiwanja kwa namna ambayo vingine vingeweza kuongezwa bila kubomoa kitu. Hakutuambia, tuliligundua jambo hilo miaka mitano baadaye tulipotaka chumba cha tatu, na tukamtafuta kwenda kumshukuru.

Matofali yalikuwa 4,000, ya udongo wa kichuguu uliokuwa palepale kiwanjani. Tuliyafyatua kiangazi na jirani zetu, kila Jumamosi, kwa chakula na togwa. Nasi tukaenda kwao zamu zao zilipofika. Kuni za tanuru zilikuwa za mtundu na miombo mingine, na hapa tunataka kusema neno la kando. Nyumba za matofali ya kuchoma na mabani ya tumbaku vimeila misitu ya wilaya hii kwa kasi ambayo mtu wa umri wetu ameiona kwa macho yake. Ukurasa wa tano wa daftari lile uliandikwa miti, na tumepanda kiasi cha kulipa tanuru letu. Mwalimu anayefundisha hesabu za nyumba hapa Kaliua na asihesabu kuni anafundisha hesabu iliyopungua.

Bati zilinunuliwa na mama watoto kwa fedha ya karanga na asali. Kwa hiyo, kiwanja kilipopimwa na hati kutayarishwa, majina mawili yaliandikwa. Karani mwenzetu aliyeshughulikia karatasi hizo alishangaa kidogo, akauliza kama kuna ugomvi nyumbani. Hakukuwa na ugomvi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema tangu zamani kwamba nyumba wanamoishi mume na mke haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani na mmoja bila idhini ya mwenzake, na Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Mambo hayo yameandikwa kwa Kiswahili safi, lakini hadi leo wako wajane wanaofukuzwa na mashemeji katika nyumba ambazo bati zake walizinunua wao. Tuliamia mwaka 2009, sakafu ikiwa bado udongo. Watu walicheka kidogo, kisha walikuja kutupongeza.

Yote hayo, hata hivyo, yanasimama juu ya jambo moja ambalo sisi tulikuwa nalo bila kulitafuta, nalo ni uhakika wa ardhi. Katika wilaya yetu hii, iliyokatwa kutoka Urambo mwaka 2012, yamo makazi ya Ulyankulu. Walipokewa hapo watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Walipewa mashamba, wakafyeka miombo, wakalima hata mazao yao yakalisha watu wengine. Makazi yalipojaa kupita uwezo wa udongo na maji, baadhi walihamishiwa Mishamo kuanzia mwaka 1978. Watoto wao walizaliwa hapa, wakasoma hapa, wakazika wazazi wao hapa. Mwaka 2010 maombi ya uraia ya watu zaidi ya 160,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo yalikubaliwa, lakini kwa mpango kwamba makazi yafungwe na wao wahamie mikoa mingine. Mpango wa kuhama ukasitishwa, na mwaka 2014 wakapewa vyeti vya uraia na nafasi ya kubaki walipo.

Tulikuwa tukienda Ulyankulu kikazi katika miaka ile ya kungoja. Tuliona nyumba nzuri ambazo kuta zake zilikuwa zimepasuka na hakuna aliyezikandika. Mzee mmoja alitupokea kwa heshima, akatuketisha chini ya mwembe alioupanda mwenyewe, nasi tukamwuliza, kwa adabu, mbona nyumba haitengenezwi na mzee ana nguvu na wajukuu. Alisema, "Bwana karani, tofali ni langu. Chini ya tofali ni pa nani?" Hatukuwa na jibu la kumpa, wala haikuwa kazi yetu kumpa. Mtu aliyekuwa ameazimia na kutimiza maisha yake yote, aliyeanza na jembe moja akafika ekari nyingi, alikuwa amekunja mikono kwa miaka kadhaa kwa sababu ya swali hilo moja. Wanaosema kwamba azma ni jambo la moyo wa mtu tu tungependa waketi chini ya mwembe ule.

Tulipita tena baada ya vyeti kutolewa. Ukuta wa mbele ulikuwa umepigwa lipu, na madirisha mawili yalikuwa yametiwa mbao za mninga. Mzee hakuwapo, alikuwa amekwenda ofisi ya kijiji kuulizia mipaka.

Hapa kwetu chumba cha tatu kilikwisha mwaka 2014, na cha nne kina ukurasa wake. Mstaafu mtarajiwa ana miaka michache tu ya mshahara, na mtoto wa mwisho yuko kidato cha tatu, kwa hiyo ada imeandikwa juu ya saruji. Matofali 1,800 yameshafyatuliwa, yamefunikwa nyasi, yanangoja kuchomwa mwezi wa nane.